Kupima maji au kuchota tope?

Ukitaka kujua kama mto au ziwa la pwani lina kemikali zinazovuruga homoni, unaweza kujaza chupa maji au kuchota tope la chini.

Maji husema ya leo tu. Estrojeni (homoni ya kike) ya vidonge vya kupanga uzazi hupenya mitambo ya majitaka na kuonekana mtoni kwa kiwango cha nanogramu chache kwa lita, au pungufu. Usidharau udogo huo. Nchini Kanada, kati ya 2001 na 2003, watafiti waliitia katika ziwa la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka kabisa. Ila mvua ikinyesha usiku, chupa ya asubuhi itakupa jibu jingine.

Tope halisahau haraka. Nonilifenoli ya sabuni za viwandani hung'ang'ania humo, na vilevile tributilitini ya rangi za meli, ile iliyowaotesha uume konokono jike wa baharini. Marufuku ya kimataifa ya rangi hizo ilianza kutumika 2008, lakini matope ya bandari nyingi bado yanayo. Chota tope laini linalonata vidoleni. Mchanga haushiki kitu, utakudanganya kuwa pako safi.

Mimi ningeanza na tope. Chupa ningeitoa pale tu ninapotaka kumnasa anayemwaga uchafu sasa hivi.