Filamu za Charley Bowers kwenye Blu-ray: uzoefu wangu

Anayezijua filamu bubu kwa Chaplin na Keaton tu, kuna mtu amemkosa. Charley Bowers alikuwa akitengeneza katuni za Mutt and Jeff kabla ya kusimama mwenyewe mbele ya kamera miaka ya 1920, na ufundi ule wa katuni akaja nao kwenye vichekesho vya watu halisi. Mimi ninao mkusanyiko wa diski za Blu-ray uliotolewa na kampuni za Flicker Alley na Lobster Films mwaka 2019, na pesa niliyoitoa naiona halali kabisa.

Anza na Egged On ya 1926. Bowers anahangaikia mashine ya kufanya mayai yasivunjike. Anayaweka mayai ndani ya boneti ya Ford, joto la injini linayaatamia, na vinavyoanguliwa ni vigari! Ganda linapasuka, kitu cheusi kinajikunjua, magurudumu yanachomoza, kisha vigari vinajikokota kwenda chini ya gari mama. Kompyuta haikuwepo. Kitu kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, hivyo hivyo mpaka kitembee. Nimekirudia kipande hicho nikitafuta alama ya mkono wa fundi, sijaiona.

Wengi wanaipenda zaidi Now You Tell One, ya mwaka huohuo: waongo wanashindana, tembo wanaingia jengo la Bunge la Marekani, panya ana bastola, mmea unazaa paka. Nzuri sana, ila mimi moyo wangu uko kwa vile vigari.

Hadithi zake ni legelege, hilo niseme wazi. Mapenzi yanaingizwa juujuu ili mashine zipate kazi.

Kwa sisi tunaokusanya, utamu mwingine ni jinsi zilivyonusurika. Bowers alifariki 1946, jina lake limeshasahaulika. Ufaransa walimwita Bricolo, na mikebe ya filamu yenye jina hilo ndiyo Raymond Borde wa Cinémathèque de Toulouse, hifadhi ya filamu ya huko, aliyoipata miaka ya 1960, ikabidi kwanza itafutwe Bricolo ni nani. Baadhi ya filamu zake hazijapatikana hadi leo. Kwa hiyo picha ikiwa na mikwaruzo hapa na pale, mimi sihesabu kasoro.

Ukimaliza hizo mbili, weka There It Is ya 1928. Humo Bowers ni mpelelezi, na msaidizi wake ni mdudu anayekaa kwenye kiberiti.