Seva ya akiba ya simu za ofisi: tathmini kutoka Tanga
Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, iliyo karibu na bandari ya Tanga, inatumia mfumo wa simu za intaneti wenye seva mbili, yaani kompyuta zinazoendesha simu hizo, ya pili ikiwa ya akiba. Fundi aliyeufunga alituhakikishia kwamba kila badiliko lingenakiliwa upande wa pili; hakusema kwamba kazi hiyo hufanyika mara moja tu kwa siku, usiku. Hivyo diski ya seva kuu ilipoharibika alasiri moja, namba za ndani tulizoziongeza asubuhi hazikuwapo kwenye ya akiba, na wateja waliopiga wakaangukia dawati la zamani, ambalo siku hizi huwekwa birika la chai.

Sasa unakili hufanyika kila baada ya dakika 15, nami nimeridhika. Ninachokisifu zaidi ni kwamba haunakili kila kitu: anwani ya mtandao ya kila seva hubaki yake, na usajili kwa kampuni ya simu huzimwa kwenye ya akiba, kwani zote mbili zikijisajili kwa akaunti moja, simu zinazoingia huweza kupelekwa kwenye seva isiyo na mtu. Gharama ya matengenezo, hata hivyo, naiona kubwa.