Bridgestone Ecopia EP150 kwenye Premio: tairi nzuri, ila ujue kwanza nini kilikula zile za mwanzo

Wadau, hizi Ecopia EP150 saizi 195/65R15 nimezitumia kwenye Toyota Premio yangu muda wa kutosha sasa, zimepiga masika ya Dar, zimeenda Iringa na kurudi, zimekula vumbi la barabara ya mtaani kwetu ambayo lami imeishia njiani, kwa hiyo nina la kusema. Nazipenda, zikiisha nanunua hizi hizi. Ila maoni ya tairi peke yake hayatamsaidia mtu ambaye gari yake inakula tairi, maana hata ununue ya bei gani ukiifunga kwenye gari yenye miguu mibovu (vile vyuma na raba vinavyoshikilia tairi) itaisha upande mmoja tu na upande wa pili unabaki mpya, halafu unasema kampuni imeshusha ubora. Nitaongea yote mawili na hilo la pili ndo nitakaa nalo zaidi, kwa sababu naona watu wanapoteza hela nyingi hapo na hakuna anayewaambia.

Tuanze na tairi zilizokuja na gari. Hizi gari zetu zinatoka Japani na tairi zake za kule, na kama ilikuwa inatembea mikoa ya baridi, Hokkaido huko au Tohoku, usishangae ikaja na tairi za theluji. Angalia ubavuni, zimeandikwa STUDLESS, na majina utakayokutana nayo sana ni Blizzak ya hao hao Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop. Kashata zake, yani yale matofali ya raba yanayokanyaga barabara, zina mikato mingi sana myembamba. Sasa mtu anaona kashata bado nene anafurahi kwamba amepata gari na tairi juu. Aisee hapana. Ile raba imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi ya nyuzi joto 7 kushuka chini, wewe unaikanyagisha Mandela Road saa nane mchana jua la Januari, inalainika kupita kiasi, gari inakuwa inaogelea ukikata kona, breki za kwenye mvua zinachelewa kushika na tairi inaisha haraka. Ubora wake ni wa kwao kule kwenye barafu, hapa ni hatari. Yangu ilikuja nazo na nilijua toka siku naitoa bandarini kwamba lazima zitoke.

Na zilipotolewa ndo tukaona kitu. Zile za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani zote mbili, ukisimama nje ya gari huoni kitu, kashata za nje nzuri kabisa, ila ukiinama ukaangalia kwa ndani unakuta kipara kinakaribia nyuzi zilizofumwa ndani ya raba. Hili naomba kila mwenye gari alifanye leo hii hii, kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, shuka, angalia tairi ya mbele kwa ndani, kisha kata upande wa pili. Kuna tairi zinapasuka safarini kumbe zilishaliwa ndani mwenye gari hana habari, kwa sababu anayeziangalia anaangalia akiwa amesimama.

Fundi aliyenihudumia yuko Ilala, na kitu kilichonifanya nimuamini ni kwamba hakukimbilia kuniuzia. Alizilaza zile za zamani chini akaanza kuzipapasa kwa kiganja, anapeleka mkono kutoka ndani kwenda nje halafu anaurudisha, akaniambia na mimi nishike. Kwenda ilikuwa laini, kurudi inakwaruza, yani kila kashata ina makali upande mmoja. Akasema, "Bosi, tairi nakuuzia sasa hivi, ila ukiondoka hivi hivi hii gari itazila tena." Ile dalili ya makali ya upande mmoja maana yake tairi mbili za mbele hazielekei sawa, zinaburuzwa kidogo kidogo huku zinazunguka. Zikiwa zimepanuka kwa mbele zinaliwa ndani, zikiwa zimebanana kwa mbele zinaliwa nje. Na mtu atasema mbona nilipiga alaimenti, yani kupima na kunyoosha uelekeo wa tairi? Hata mimi ilikuwa imeshapigwa sehemu nyingine kabla, karatasi ikatoka kwenye mashine namba zote kijani, usukani umenyooka, na bado. Kwa nini? Kwa sababu alaimenti inapimwa gari ikiwa imesimama. Kama tairodi endi (kile kiungo kinachogeuza tairi ukikata usukani) ina pleyi, yani inacheza, au bushi za loa ami (raba za ule mkono wa chini unaoshikilia tairi) zimechoka, gari ikisimama inaonyesha namba nzuri, ukianza kutembea ukapiga breki au ukaingia kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, pale mkono unacheza na tairi inageuka inavyotaka. Fundi wa kwanza alipima tu akakaza, hakuwahi kuinyanyua gari akatikisa tairi kwa mikono. Huyu wa Ilala aliinyanyua, akashika tairi kushoto na kulia akaitikisa, tairodi endi ya upande wa abiria ikawa inagonga kabisa unaisikia, halafu akatia mtarimbo kwenye bushi tukaona raba imechanika. Tukabadilisha hivyo kwanza, alaimenti ikaja mwisho, na huo ndo mpangilio sahihi, ukianza na alaimenti ndo ukaja kubadilisha tairodi endi inabidi uirudie na ulipe mara mbili.

Kuna jambo la Premio na ndugu zake Allion wale wa kuendeshwa na tairi za mbele, ambalo wauza alaimenti wengi hawasemi. Mbele pale pa kurekebisha kirahisi ni kwenye tairodi tu, yani uelekeo wa tairi, lakini ule mlalo wa tairi kuinama ndani au nje hauna skrubu yake ya kawaida, na nyuma ni bimu moja nzima, chuma kimoja kinachounganisha tairi zote mbili, hakuna cha kukaza wala kulegeza. Kwa hiyo ukiambiwa tumekufanyia alaimenti tairi zote nne uliza nyuma wamerekebisha nini hasa. Kama za nyuma zinaliwa upande mmoja hapo kuna kitu kimepinda au bearingi imekufa au bushi za bimu, na hakuna mashine itakayoponya hilo kwa kubonyeza vitufe.

Dalili nyingine ni rahisi na unaweza kuzisoma mwenyewe. Tairi ikiliwa katikati tu na pembeni kashata zimebaki, unajaza upepo kupita kiasi. Ikiliwa pembeni kote kuwili katikati imebaki, unatembea na upepo mdogo, na hii ndo mbaya zaidi kwa safari ndefu maana tairi inajikunja kila inapozunguka inachemka mpaka inapasuka. Ikiwa na mabonde na vilima, imeliwa hapa pale haijaliwa hapa tena imeliwa, ukitembea unasikia muungurumo unaoongezeka na spidi, hapo kaangalie shokapu na balansi (kusawazisha uzito wa tairi na rimu). Na ikiwa na kipara kimoja tu sehemu moja, ujue tairi ilishawahi kufungwa na breki ikaburuzika. Nje nje tu na una kawaida ya kukata kona kwa mwendo, basi ni mguu wako.

Upepo sasa. Fundi pancha wengi ukifika anauliza "nijaze ngapi bosi?" na ukikaa kimya anakuwekea 40, gari inaruka ruka. Fungua mlango wa dereva kuna stika kwenye nguzo, kwa gari za Japani inaandikwa kwa kPa, ukikuta 220 hiyo ni kama 32 psi, ukikuta 230 ni 33. Hiyo ndo namba ya gari yako, ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, sio ya kujazia. Na upime asubuhi kabla hujatembea. Ukishatembea upepo unapanda wenyewe kwa joto, ukiupunguza pale Chalinze kwa sababu umeona umezidi, kesho asubuhi una upepo pungufu. Wanaokuuzia naitrojeni wakikwambia ni lazima, kumbuka hewa ya kawaida asilimia 78 ni naitrojeni tayari, hela yako iweke kwenye balansi.

Haya, tuje kwenye kuchagua, maana kabla ya kuchukua hizi Ecopia nilizunguka Gerezani na Ilala nikaona mengi. Ubavuni imeandikwa 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu yani asilimia 65 ya huo upana, R ni rediali, 15 ni inchi za rimu. Wengi wanaishia hapo. Ile 91 ndo uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja, na H ni spidi mpaka kilomita 210 kwa saa. Usikubali namba ya kubeba iliyo chini ya ile iliyokuja na gari hata kama saizi inalingana, na wenye Noah za kupakia mzigo ndo mnanihusu zaidi hapa. Halafu tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, 0724 maana yake wiki ya 7 mwaka 2024. Niliona tairi mpya kabisa, ina vinyweleo vyake, ina stika, lakini ina miaka sita na ilikuwa imepangwa nje juani. Raba inazeeka hata kama haijatembea, ikunje kidogo angalia kama kuna nyufa ndogo ndogo chini ya kashata.

Za mtumba naelewa kwa nini watu wananunua, hela ngumu, sitamlaumu mtu. Lakini kuna zile zilizochongwa upya, tairi imeisha mtu anachukua kisu cha moto anachimba mifereji mipya, inaonekana ina kashata nzuri kumbe amekata nyama ya tairi mpaka karibu na nyuzi. Tairi za malori zinazoruhusu kuchongwa zinaandikwa REGROOVABLE, za gari ndogo kama zetu hazichongwi kabisa. Ujanja wa kuijua ni huu, ndani ya mifereji kuna vijituta vidogo vya alama ya kuisha, vimeachwa kwenye kina cha milimita 1.6, na begani kuna herufi TWI au pembetatu inayokuonyesha vilipo. Ukikuta mfereji una kina kizuri lakini kijituta hakipo au kimekatwa, rudisha hiyo tairi hapo hapo.

Ecopia yenyewe. Ni tairi ya lami na imetengenezwa izunguke kwa wepesi kuokoa mafuta, ndo kazi ya hiyo familia ya Ecopia. Tofauti niliyoisikia kwanza ni kimya, muungurumo wote ule umeondoka tunaongea na wife bila kupaza sauti. Usukani umekuwa mwepesi na unajibu, ukitaka kupita lori unaingia na kutoka bila gari kuyumba mgongo. Mvua ya pale Morogoro ilinikuta na maji yamesimama barabarani, ilishika vizuri, na kushuka mlima Kitonga breki nilikuwa naziamini. Kwenye kokoto na barabara ya vumbi inatosha kwa kwenda nyumbani taratibu, ila kama kila siku uko shamba kwenye tope hii sio tairi yako, chukua yenye kashata kubwa. Bei sio ya chini, utakuta za bei nafuu kabisa pembeni yake, lakini nikiweka na jinsi zilivyoliwa mpaka sasa, sawa sawa kushoto kulia, naona hela yangu imefanya kazi.

Kama hela inatosha mbili tu, tutabishana na mafundi hapa lakini nitasema. Karibu kila fundi atakwambia mpya weka mbele kwa sababu ndo zinavuta. Watengenezaji wa tairi wenyewe wanashauri mpya zikae nyuma, na sababu ni mvua. Mbele ikiteleza gari inakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta inarudi mkononi. Nyuma ikiteleza gari inazunguka na dereva wa kawaida haiwahi. Wife anaendesha hii gari na watoto nyuma, kwa hiyo kwangu hilo halina mjadala.

Baada ya hapo ni kuzizungusha kila kilomita 10,000 hivi, za mbele zinarudi nyuma upande wake ule ule, za nyuma zinakuja mbele kwa kupishana, ila kama tairi yako ina mshale umeandikwa ROTATION usizipishanishe, zibadilishane mbele na nyuma kwenye upande wake ule ule tu. Na siku ya kufunga simama pale pale, hakikisha valvu mpya zimewekwa, balansi imefanyika kwa zote nne, nati zimekazwa kwa kupishana na zimerudiwa kukazwa gari ikiwa chini, kisha ile spea tairi kwenye buti nayo ijazwe upepo kabla hujalipa.