Petra na familia: nyota nne, na usigeukie njiani

Petra, mji wa kale wa Yordani uliochongwa katika miamba, si ya bei nafuu. Tulipokwenda, tiketi ya siku moja ilikuwa dinari 50 za Yordani kwa anayelala nchini, na ya siku mbili 55. Chukueni ya siku mbili. Anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo bila kulala alitozwa 90. Watoto chini ya miaka 12 ni bure, na kwa msafara wetu wenye watoto wengi hapo ndipo tulipopumua. Wakubwa tulikuwa tumenunua Jordan Pass, tiketi ya pamoja ya watalii ambayo ndani yake imo ya kuingia Petra, kabla ya kuondoka. Inaanzia dinari 70 na inafuta ada ya viza ukikaa angalau usiku tatu.

Laleni Wadi Musa, mji ulio mlangoni kabisa. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kuwahi kuna faida yake. Unapita Siq, korongo la zaidi ya kilomita moja, jembamba, kuta zimepanda pande zote mbili hadi jua halifiki chini. Ubavuni mwa mwamba kuna mifereji iliyochongwa na Wanabatea, Waarabu wa kale waliojenga Petra, kuleta maji mjini. Hapo nilikaa kuliko wenzangu walivyotaka. Watu waliotajirika kwa misafara ya ubani na viungo kutoka kusini mwa Arabuni, wakajenga mji jangwani, na maji yakawatosha!

Mwisho wa korongo unakutana na Al-Khazneh ("Hazina"), jengo maarufu kuliko yote ya Petra, kimo chake kama mita 40, yote imechongwa katika jabali moja. Uso wake unapata jua la asubuhi. Ndani hawaruhusu kuingia. Mtungi uliochongwa juu kabisa una alama za risasi: Mabedui waliamini umejaa dhahabu, wakaupiga bunduki. Kumbe ni jiwe tupu.

Wageni wengi hupiga picha hapo, wakageuza. Hasara tupu. Mbele kuna ukumbi wa michezo uliochongwa mlimani, makaburi ya kifalme yenye mawe ya rangi kama kitenge, halafu Ad-Deir ("Monasteri"), jengo jingine la kuchongwa, kubwa kuliko Al-Khazneh, juu ya ngazi zaidi ya 800. Pandeni alasiri, jua likiwa limeligeukia. Vijana walifika kwanza wakawa wanatucheka. Mimi na shemeji tulipanda kwa vituo, kila kituo chai ya Mabedui yenye sukari isiyo na huruma.

Shangazi, mwenye magoti mabovu, alichukua kigari cha betri kutoka getini hadi Al-Khazneh. Kinalipiwa mbali na tiketi, lakini kwa wazee hakina mbadala. Farasi wa kutoka getini hadi mwanzo wa Siq wameshahesabiwa kwenye tiketi, ila mwenye farasi atangoja bakshishi, basi muwe na chenji.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya punda. Wanapandishwa ngazi zile na watu wazima mgongoni, kwenye joto, na nimeona wakichapwa. Wanaowakodisha watakuambia ni mbali sana, hutafika. Utafika. Vaa raba zenye kushika, beba maji na mkate wako maana vya ndani ni ghali, na watoto wakichoka wabebeni nyinyi.