Pacific Heights (1990): mpangaji anatisha kweli, skripti ndiyo inamwangusha

Nimeirudia Pacific Heights wiki hii na wacha niseme moja kwa moja, hii ni muvi iliyostahili skripti nzuri kuliko hii iliyopewa, na inauma kwa sababu wazo lenyewe ni tamu sana, yaani mtu anahamia kwenye nyumba yako, halipi, hatoki, halafu sheria inamlinda yeye. Yeyote aliyewahi kupanga au kupangisha hapa Kampala anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Muvi ni ya 1990, dakika 102, dairekta ni John Schlesinger ambaye Oscar alishaichukua zamani, muziki ni wa Hans Zimmer, na mpangaji mwenyewe ni Michael Keaton ambaye mwaka mmoja tu nyuma yake watu walikuwa wamemzoea kama Batman. Vifaa vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuuliza, huyu mpangaji anataka nini hasa?

Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa stori basi ishia hapa, maana siwezi kueleza ubovu wa skripti bila kusema mpaka mwisho.

Haya. Patty (Melanie Griffith) na Drake (Matthew Modine) ni wapenzi, hawajaoana, wananunua jumba la kizamani San Francisco kwa dola 750,000, pesa ambayo kwa kweli hawana, wamekopa benki. Wanalikarabati kwa mikono yao, rangi, mbao, kila kitu. Chini kuna sehemu mbili za kupangisha na hesabu yao yote imesimama hapo, kodi ya wapangaji isaidie kulipa mkopo wa kila mwezi. Sehemu moja wanaichukua Mzee Watanabe na mkewe, watu watulivu. Ya pili anaichukua Carter Hayes, ndiye Keaton, anakuja na Porsche, suti safi, mfukoni ana bunda la noti, na anamwambia Drake asihangaike kuchunguza mambo yake ya benki, pesa ya miezi sita itatumwa. Haitumwi. Siku moja wanashtuka jamaa ameshaingia ndani, amebadilisha kufuli, na usiku kucha ni nyundo na drili.

Hapa ndipo mimi nilianza kugombana na skripti. Sisi huku, hata ukitaka muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, pale Kireka, landilodi anataka miezi kadhaa mbele, broka amekula chake, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anataka barua ya ulikotoka. Mtu hapewi ufunguo kwa sababu ana gari zuri. Sasa huyu Drake anadaiwa na benki mpaka shingoni na anamwachia mtu nyumba bila kushika hata senti? Na cha kuudhi zaidi, kabla ya Hayes alikuja jamaa mwingine, Baker (Carl Lumbly), mtu mweusi, mstaarabu, anayefuata utaratibu wote wa kuomba, na yeye ndiye anayekosa. Pale skripti ilikuwa imeshika kitu kikubwa. Mtu mweusi mwenye adabu zake anapitwa na mzungu mwenye Porsche ambaye ni tapeli, hiyo ni muvi nzima ndani ya muvi! Lakini wanaigusa kidogo halafu wanaitupa, Baker anapotea na stori inaendelea kama vile hakuwahi kugonga ule mlango.

Lakini tuwe wakweli, sehemu ya kati inatisha, na inatisha kwa vitu vidogo. Kuna picha moja Keaton amekaa gizani peke yake, anachezea wembe kwa vidole, hasemi kitu, uso umetulia kabisa kama mtu anayesubiri basi, na wewe unayetazama ndiye unayetafuta pa kuweka mikono yako. Hapigi kelele, hatoi macho. Anaongea kwa upole, anatabasamu, na akikutana na polisi anakuwa muungwana kuliko mwenye nyumba. Ule upole ndio sumu. Ukiwahi kukutana na mtu anayekudai haki zake kwa sauti ya chini huku anakuharibia kila kitu, utamjua Hayes mara moja.

Na ule mlango. Drake anaweka ufunguo wake kwenye nyumba yake mwenyewe na haufunguki. Shangazi yangu ana mizigo ya kupangisha, vile vyumba nilivyosema, kule Bweyogerere na aliwahi kupata mpangaji aliyefunga akapotea na kodi ya miezi, na kilichokuwa kinamnyima usingizi, anavyosimulia, pesa ilikuwa kidogo tu, kubwa lilikuwa kutojua ndani kuna nini. Hiyo hofu muvi imeipata sawasawa, unasikia drili, unasikia nyundo, harufu inakuja, halafu mende wanaanza kuibuka kwa kina Watanabe, wengi, jikoni, mpaka wale wazee wa watu wanafungasha na kuondoka. Hayes ndiye anayewafuga! Anawafuga makusudi ili wapangaji wengine wakimbie na mwenye nyumba akose hela ya mkopo. Hapo niliinua mikono, hapo mwandishi alifikiria.

Sini bora kwangu ni ya umeme. Drake amechoka, anashuka anakata umeme na joto la kule kwa Hayes ili atoke. Mtazamaji yeyote wa huku anasema safi, mkatie. Polisi wanakuja, na polisi wanamgeukia Drake, wanamwambia wewe mwenye nyumba ndiye unayevunja sheria, rudisha umeme. Na ni kweli kabisa, sheria ya California hairuhusu mwenye nyumba kumkatia mpangaji maji au umeme ili kumfukuza, lazima apite mahakamani hata kama anadai. Modine anacheza vizuri sana pale, unaona damu inampanda usoni na hana la kufanya.

Nimetazama na jamaa wawili, mmoja anapanga Namuwongo na mwingine ana bozkwota, vile vijumba vya nyuma ya nyumba kubwa, anazipangisha Ntinda, basi tuliisimamisha hapo tukabishana. Kwetu mambo tuliyoyazoea ni kinyume, ni landilodi anakuja asubuhi na fundi anang'oa mlango, au anatoa mabati juu ya kichwa chako na watoto wamo ndani, au anaweka kufuli lake juu ya lako. Sheria yetu ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 nayo inasema kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa, lakini wangapi wanaijua, na mpangaji wa muzigo atapata wapi nauli na wakili wa kwenda kuidai? Kwa hiyo ukiitazama muvi hii ukiwa Uganda kuna kitu kinakukereketa. Inakutaka umuonee huruma mwenye nyumba tu, saa nzima na zaidi, na haikupi hata mpangaji mmoja ambaye sheria ile ile imemsaidia kwa haki. Wale Watanabe wangeweza kuwa hao. Wanaondoka, basi, hatuwaoni wakipigania chochote. Mimi sisemi muvi iwe somo la uraia, ni trila, lakini trila nzuri ingekufanya uwe upande huu halafu ikuhamishe upande ule, na hii ilikuwa na watu wote wa kuifanya hivyo, wameshakaa ndani ya nyumba ile ile.

Sasa tuje kwenye mpango wa Hayes maana ndipo skripti inapoanguka chali. Tunaelezwa kwamba jamaa anafanya haya ili amchokoze mwenye nyumba mpaka ampige, kisha amshtaki na kumnyang'anya mali. Sawa. Drake anampiga, anakamatwa, anapigwa marufuku ya mahakama asikaribie nyumba yake mwenyewe. Sawa, ni mtego mzuri. Lakini jamani, nyumba ina mkopo wa benki! Hao wawili hawana kitu, wanadaiwa kila mwezi, na ukiwashtaki ukashinda utarithi madeni. Mtu mwenye akili za kujua sheria kipengele kwa kipengele angekwenda kwa tajiri mwenye nyumba iliyolipwa zamani. Halafu baadaye tunajua jina lake halisi ni James Danforth, mtoto wa familia yenye hela iliyomchoka, na tunaona pia ana biashara nyingine ya kuwinda mwanamke tajiri. Sasa yeye ni tapeli wa pesa, au ni mgonjwa anayefurahia kuumiza watu, au anataka nyumba kwa sababu kwao walimfukuza? Skripti inajibu ndiyo kwa yote, kwa hiyo haijajibu lolote. Hata ile sini ya mwanzo kabisa, wanaume wanaingia chumbani kumpiga, ilikuwa inatuahidi kwamba tutamjua huyu ni nani, na ahadi hiyo haijalipwa.

Na wanavyomfanya Drake mjinga siwezi kuvumilia. Ana wakili (Laurie Metcalf, yuko vizuri sana, nilitamani aonekane zaidi) anayemwambia usifanye kitu, tulia, na kila akiambiwa tulia anakwenda kufanya kile kile alichokatazwa. Mara moja unaelewa, mtu ana hasira, tena Patty amepoteza mimba katikati ya haya yote na uchungu wake hausemeki. Lakini anarudia mpaka anapigwa risasi, na unabaki unaona mkono wa mwandishi unamsukuma mgongoni aingie mle ndani.

Bahati nzuri Patty anaamka. Drake yuko hoi, Hayes ametoweka na nyumba ameiacha imeng'olewa, na Patty anamfuatilia mpaka hotelini Los Angeles ambako jamaa anaishi kwa jina la Drake. Anajifanya mke wake, anaingia chumbani kwake, anaagiza vyakula na vinywaji vya watu wengi, anafungisha kadi zake. Yaani anamfanyia mpangaji kile kile alichofanyiwa yeye, anaingia kwenye chumba chake na kumharibia bila kumgusa. Banange, hapo nilikaa vizuri kwenye kiti! Griffith anacheza kwa utulivu kama wa Keaton, na kwa dakika hizo chache unaona muvi ambayo ingeweza kuwa, vita ya karatasi na majina na akaunti, mwenye akili ndiye anashinda. Huko huko kuna Tippi Hedren, mama mzazi wa Griffith, anacheza yule mama tajiri anayewindwa, kapande kadogo tu lakini anapendeza.

Halafu wanaitupa hiyo pia. Hayes anarudi nyumbani, na mtu tuliyeambiwa ni bingwa wa sheria, asiyegusa mtu, sasa anakimbizana na watu ameshika mashine ya kupigia misumari. Ugomvi, kelele, anaanguka juu ya mabomba na kufa. Basi. Muvi iliyotufundisha kwamba silaha yake ni upole na karatasi, mwisho wake ni wa muuaji yeyote wa muvi yoyote. Kama mwisho ungekuwa mahakamani, Patty na karatasi zake upande mmoja na Hayes na tabasamu lake upande mwingine, mimi ningekuwa naisifu mpaka leo.

Nje ya skripti sina malalamiko mengi. Nyumba yenyewe ni nzuri ajabu, na kwa taarifa yenu haiko Pacific Heights, iko mtaa mwingine wa San Francisco unaoitwa Potrero Hill, lakini ngazi zake na madirisha yake na ile giza ya chini vimepigwa picha vizuri mpaka unaisikia nyumba inapumua. Muziki wa Zimmer haukurupuki, unakuja polepole.

Mimi naipa sita kwa kumi, na nne kati ya hizo ni za Keaton. Kama una jamaa wa laibrari, yaani kibanda cha muvi, anayekuwekea muvi kwenye flashi mwambie akutafutie, na ukiweza itazameni kundi lenye wapangaji na wenye nyumba pamoja, maana ile sini ya polisi itawafanya mbishane kweli. Kama muda wako ni mdogo, anza mpaka Drake anapokata umeme, kisha ruka uende hotelini kwa Patty.