Kikundi au wewe mwenyewe?

Kujifunza kwa pamoja kuhusu ubaguzi wa rangi kuna faida moja kubwa: mwenzako husikia kwenye sentensi yako kitu ambacho masikio yako yameshakizoea. Unasema "hawa watu", mtu anauliza, "hawa akina nani?" Chumba kizima kimya. Swali hilo ni vigumu kujiuliza mwenyewe.

Ila kikundi kina maficho. Unakaa nyuma, unatikisa kichwa wenzako wakiongea, unaondoka umeridhika kana kwamba umefanya kazi. Na mara nyingi wanaobaguliwa ndio hugeuzwa walimu wa bure, wasimulie machungu yao upya kila kikao. (Hilo hunikera kuliko yote.)

Kujiwajibisha binafsi hakuna shangwe. Ni kumkatiza shemeji anapotoa mzaha wa rangi mezani, bila shahidi wa kukupongeza.

Mimi ningeanza na kikundi, lakini kipimo ningekiweka nje ya kikao. Rosa Parks, Mmarekani mweusi aliyepinga ubaguzi wa rangi, alihudhuria warsha kwenye shule ya Highlander, Tennessee, kiangazi cha 1955. Tarehe 1 Desemba mwaka huo, ndani ya basi la Montgomery, Alabama, dereva aliwaamuru weusi wampishe mzungu kiti; abiria watatu wa safu yake waliinuka. Yeye akabaki ameketi. Mgomo wa kususia mabasi uliofuata, wa siku 381, ukawa tena wa umati.