Jiko la Kijapani la mezani: nimekula nalo, nimelipenda, nimelinunua

Haya wadau, karibuni tena. Najua niliahidi video ya lile sufuria la umeme la kupikia wali, na kwenye maoni mmenisema wiki nzima. Inakuja. Sufuria lipo, mchele upo, mpishi ndiye aliyepotea, maana Jumamosi nilikwenda kula na wenzangu hapa Osaka nikarudi na ugonjwa mpya. Ugonjwa wenyewe huu hapa mezani. Ngoja nisogeze kamera. Mmeliona?

Nawasikia. "Kaka, umekwenda mpaka Japani kununua jiko la mkaa?" Ndiyo, nimenunua, na hela nimetoa. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Linaitwa shichirin. Vipimo sitawasomea, vimeandikwa kwenye boksi na boksi nimeshatupa. Ni jiko dogo la duara, unalibeba kwa mkono mmoja, chini lina kidirisha cha kuingiza hewa, juu unaweka wavu wa kuchomea. Basi. Nataka tuongelee Jumamosi, kwa sababu bila Jumamosi jiko hili lingekuwa chungu cha kuoteshea maua.

Tulikuwa wanne. Mimi wa Tanga, dada yetu wa Mombasa, mshikaji mmoja wa Mbeya, na kaka yetu wa Lubumbashi ambaye kamaliza masomo na anarudi kwao mwisho wa mwezi. Tukasema hatumuagi kwa chai. Tukatafuta mgahawa wa yakiniku, yaani nyama ya kuchoma mezani, unajichomea mwenyewe. Na kwa kuwa dada anakula halali, tukatafuta wa halali. Hapa Osaka ipo, ila lazima uulize mpaka mchuzi, maana michuzi mingi ya Kijapani inatiwa mirin au sake, na hizo ni pombe. Nyama inaweza kuwa halali kabisa, bakuli la kuchovyea likakuharibia.

Tumekaa, kaka mhudumu kaja na hili jiko linawaka, kaliweka katikati ya meza. Ya mbao! Mshikaji wa Mbeya karudisha kiti nyuma kama kaona nyoka. Kaka wa Lubumbashi kacheka: "Aah, njo mbabula hii!" Dada akasema hilo ni jiko, mbabula ndiyo nini? Yeye akajibu, na hayo ndani ni makala. Makala, kumbe kwao ndiyo mkaa! Mbeya anauliza makala ya gazeti gani. Hapo nyama haijafika, tumeshapoteza dakika kumi tunabishana Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili.

Na hizo dakika kumi ziliniuma baadaye. Nitawaambia kwa nini.

Lakini kwanza hili ndilo nililotaka kuwaonyesha. Angalieni hiki kipande, nilirekodi palepale. Mkaa umewaka mwekundu, nyama inalia juu ya wavu, na huu ni mkono wangu, nimeushika ubavu wa jiko. Narudisha nyuma tuone tena. Mkono, ubavu, hakuna kelele. Lina joto, ndiyo, la kikombe cha chai. Jiko la bati la nyumbani ukilishika hivyo utaimba taarabu.

Siri ni udongo. Si mfinyanzi wa kawaida. Ni mabaki ya vijimea vidogo vya majini, vidogo hata kwa jicho huvioni, vilivyokufa na kujilundika chini ya bahari miaka mingi sana. Una vitundu vitupu vya hewa, na hewa ndiyo inayozuia joto lisipite. Majiko yanayosifika yanatoka Suzu, kwenye ncha ya rasi ya Noto. Kule mafundi wanaingia ndani ya kilima, wanakata udongo vipande vizima kwa patasi, wanavichonga, ndipo wanavichoma. Lile tetemeko kubwa la Januari mosi 2024 liliwapiga haohao. Hili langu, niwe mkweli, si la kuchongwa. La kuchongwa bei yake niliiangalia mara moja nikafunga ukurasa. Langu ni la udongo uliosagwa ukafinyangwa kwenye kalibu, yen elfu tano na chenji.

Sasa kuna mwenzetu mmoja mwenye chaneli, simtaji, alisema hili halina tofauti na jiko letu la udongo na bati. Bwana, wazo ni moja, sikatai. Lile jiko la Kenya lenye bati nje na udongo ndani, lililoenea kuanzia miaka ya 1980, nalo linabana joto lisipotee, na limeokoa mkaa kwenye nyumba nyingi kuliko hiki kidude changu kitakavyowahi kuokoa. Kwa maharage, chukua lile. Kwa ugali, lile, mara mia, hili ukilisongea ugali litapinduka. Lakini kaka, umeshawahi kuliweka lile katikati ya watu wanne, juu ya meza, mkala nalo? Basi.

Halafu mkaa. Nilinunua vipande vichache vya binchotan. Huu unatokana na mwaloni, unaosifika zaidi ni wa Wakayama, kusini ya hapa. Mwishoni wanapandisha moto hadi zaidi ya nyuzi 1000, wanautoa ukiwaka, wanauzika kwenye majivu na mchanga. Sikilizeni, nauweka karibu na kinasa sauti. Ting! Tena. Ting! Huo ni mkaa, jamani, si kengele ya shule. Haukuchafui vidole, hautoi moshi wa maana. Ila kuuwasha, mama yangu, unaweza kuoga, ukaswali, ukarudi, bado unakuangalia tu.

Nyama. Wanaanza na ulimi, umekatwa mwembamba kama karatasi, chumvi na ndimu, kwa sababu wavu bado msafi na ulimi hautaki harufu ya mchuzi. Sekunde chache kila upande. Dada akageuza mara moja tu, Mbeya akageuza mara nane kama anakunja chapati. Kisha mbavu, kisha ile nyama ya kiwambo, kile cha kati ya kifua na tumbo, wanayoiita harami, ndiyo iliyonishinda kwa utamu. Halafu wakaleta horumon. Wadau, horumon ni utumbo! Sisi tuliotoka nyumbani kwenye supu ya utumbo tukatazamana. Watu wa Osaka wanapenda kusema jina limetokana na maneno ya kwao yenye maana ya vitu vya kutupa. Wataalamu wanabisha, ila hadithi tamu haiulizwi cheti. Na yakiniku yenyewe imekuzwa sana na Wakorea wanaoishi hapa. Ukienda Tsuruhashi, mtaa wao, moshi utakupokea kabla hujatoka stesheni. Wajapani wenyewe walikaa karne nyingi na marufuku za nyama, ya kwanza ya mfalme Tenmu mwaka 675, mpaka ilipotangazwa mwaka 1872 kwamba mfalme Meiji anakula ng'ombe.

Utumbo una mafuta. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka mpaka Mbeya akasimama. Sasa pembeni palikuwa na kibakuli cha barafu, na kaka wa Lubumbashi alikuwa ameshaimimina nusu kwenye soda yake. Mhudumu akaja mbio, akachukua kibonge kilichobaki kwa koleo, akakiweka juu ya wavu. Moto ukalala. Kumbe barafu ni zimamoto! Kaka akaangalia glasi yake, akaangalia jiko, akasema, "Basi mimi nimekunywa zimamoto."

Sasa hasira yangu. Tulichukua ule mpango wa kula utakavyo, yen elfu nne kila mtu, karibu elfu sabini za Bongo kwa siku ile. Nilipoanza kurekodi nilitaka niseme ni wizi. Nimeshahesabu sahani, si wizi. Tatizo ni dakika tisini. Tisini! Na dakika ya sabini wanakuja kukuambia agizo la mwisho. Nyumbani dakika ya sabini mbuzi ndiyo kwanza anageuzwa, kachumbari haijakatwa, na mjomba mmoja bado yuko njiani "nakaribia". Unamuagaje mtu kwa saa ya ukutani? Na ukibakiza nyama wengine wanakutoza. Mwisho tulikula kama tunafukuzwa, tunamalizia makala na mbabula mdomoni.

Bili, kila mtu chake, hapa ndivyo ilivyo, na bakshishi hawapokei. Mlangoni wanakupa pipi ya mnanaa. Nguo zangu mpaka leo zinanuka ng'ombe.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Ukikaa ghorofani, usiliwashe ndani, kabisa, hewa ya mkaa inaua kimyakimya, ndiyo maana leo mnaliona limezimwa. Na usilioshe kwa maji, udongo unayanywa na kupasuka, futa tu. Kama una uwanja, nunua. Sisi Jumapili tunalipeleka mtoni, mahali panaporuhusiwa kuchoma. Dada analeta pweza, Mbeya kapewa kazi ya kugeuza mara moja tu, na kaka wa Lubumbashi anataka jiko hili aondoke nalo kwenye begi. Nimemwambia begi lake liko na kilo ngapi kwanza.

Video ya sufuria ni Alhamisi. Alhamisi kweli. Nawagongea tena wale waliochelewa: ting! Ti— subirini. Jirani anagonga ukuta. Sumimasen! Samahani, jirani! Nazima.